Theluthi ya Papa Banza

Siku niliyoacha kazi mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru sana, ingawa inatumia betri. Fundi umeme wa miaka thelathini na zaidi mmempa kitu kisichohitaji hata waya mmoja. Basi, kwa kuwa sasa nina muda wa kuitazama, Kabamba na Solange wameniomba niandike yale niliyokuwa nikiwaambia vipande vipande tukiwa kazini: namna ya kuvuta kable, yaani zile waya nene, ndani ya bomba, na namna ya kujua bomba limeshiba. Nitaandika. Ila siwezi kuandika juu ya bomba bila kuandika juu ya Papa Banza, na wengi wenu hamkumjua.

Mimi ni binti wa muuza vitambaa. Babu zetu walitoka Maniema na biashara yao, wakafika Kamina wakakaa, na tangu hapo kila mtu wa nyumba yetu ameuza kitu: vitambaa, chumvi, mafuta ya mawese. Nilipomaliza masomo ya umeme, wajomba walikuja kwa baba kumweleza kwamba courant, yaani umeme, haijui heshima ya mwanamke. Baba aliwasikiliza mpaka chai ikaisha. Kesho yake asubuhi alinipakia nyuma ya baiskeli, akanifikisha kwenye geti la yadi ya kampuni hii, akasema: "Kama unaogopa, turudi sasa. Kama hauogope, usirudi mbele ya saa kumi." Nikaingia.

Patron, mwenye kampuni, hakujua aniweke wapi. Alinipeleka kwa kiongozi wa ekipe, kikosi cha mafundi, mtu mfupi mwenye mabega mapana, Mluba wa kijiji kimoja upande wa Kabongo, mtoto wa wakulima, Mkatoliki aliyevaa medali yake chini ya salopeti, ile nguo ya kazi. Huyo ndiye Papa Banza. Hakuuliza kwa nini wamemletea msichana. Alinipa kipande cha bomba chenye urefu wa mkono, akanionyesha lundo la vipande vya waya, akasema nijaze. Nilijaza kwa bidii. Nilipomaliza, hata njiti ya kiberiti isingepita, nikampelekea huku nikijisifu kimoyomoyo. Alikigeuza, akanirudishia, akaniambia nitoe waya mmoja tu. Nilivuta kwa vidole, nikavuta kwa koleo, nikafikiria meno. Haukutoka.

"Njo vile nyumba inaungua," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Mchana alinieleza. Waya unaopitisha umeme unapata joto, na joto linataka pa kwenda. Tena waya unaouingiza leo, kuna mtu atakayetaka kuutoa baada ya miaka, na huenda mtu huyo ni wewe mwenyewe. Kwa hiyo waya zote, pamoja na maganda yake, zisichukue zaidi ya theluthi moja ya nafasi ya bomba. Theluthi mbili ni za hewa. Nilimwuliza kama wateja wanajua kwamba wananunua hewa. Alisema hawajauliza, na mimi nisiwakumbushe.

Hesabu yake ilikuwa fupi. Alipima unene wa waya juu ya ganda kwa kile kipimo cha chuma chenye meno mawili, akazidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha kwa idadi ya waya. Halafu alipima upana wa bomba kwa ndani, akazidisha kwa yenyewe, akagawa kwa tatu. Namba ya kwanza isipite ya pili. Aliandika kwa mkaa juu ya mfuko wa simenti. Baadaye katika maisha yangu nimeona watu wenye diploma wakikosea hesabu hiyo kwenye kompyuta.

Mengine nilijifunza kwa kumtazama. Kabla ya kuvuta, pitisha kitambaa ndani ya bomba. Kikitoka na mchanga au kutu, rudia. Siku moja kilitoka na panya, na Papa Banza akasema hata huyo alikuwa amepita theluthi. Chonga mdomo wa bomba kwa tupa, kwa maana ukingo mkali wa chuma unamenya ganda la waya kama kisu kinavyomenya muhogo. Paka talki, ule unga mweupe wa kutelezesha, bila uchoyo. Vichwa vya kable vivalishe ile soksi ya nyuzi za chuma, ambayo kadiri unavyoivuta ndivyo inavyobana.

Zaidi ya yote, jueni mtu wa nyuma. Anayevuta na anayelisha kable hawaonani. Wanaongea kwa kugonga bomba, mara moja vuta, mara mbili simama. Watu wanadhani mwenye kazi ni yule wa mbele kwa sababu ndiye anayetoka jasho. Papa Banza alisema, "Mukono wa nyuma njo unaona." Akaniweka nyuma. Nilikaa nyuma miaka minne, mpaka viganja vyangu vikajua tofauti ya kable iliyochoka, kable iliyokwama na kable inayokataa.

Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini wakati wa mfungo wangu wa Ramazani alikwenda kunywa maji yake nyuma ya lori. Hakuwahi kuniambia kwa nini. Na mimi nilijifanya sijui kwamba yuko nyuma ya lori.

Sasa niwaambie juu ya hospitali.

Ilikuwa hospitali ya masista, nje kidogo ya mji. Maji yalitoka kwenye kisima chini ya mteremko, na ndugu wa wagonjwa ndio waliyapandisha kwa bidon, yaani madumu, vichwani, hata maji ya kuogeshea watoto waliozaliwa siku hiyo. Kulikuwa na pampu mpya ya kufungwa. Nyumba ya jenereta ilikuwa juu, kisima chini, na kwa sababu ya umbali huo kable zilipaswa kuwa nene, tatu kwa ajili ya mota. Katikati palikuwa na ua ambamo familia zilipika na kufua, na ua huo ulikuwa karibu kumwagiwa simenti. Kwa hiyo bomba la chuma lilipaswa kulala chini kwanza. Lilikuwa na kona mbili.

Papa Banza alifanya hesabu mbele yangu. Unene wa kable, milimita kumi na saba. Kumi na saba mara kumi na saba, mia mbili themanini na tisa. Mara tatu, mia nane sitini na saba. Bomba lilikuwa na upana wa hamsini na moja kwa ndani. Hamsini na moja mara hamsini na moja, elfu mbili mia sita na moja. Theluthi yake, mia nane sitini na saba. Zilifanana mpaka mwisho. Alifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo wake. Ilikuwa kazi yake kubwa ya mwisho. Mwisho wa mwaka angepumzika.

Bomba likalala, simenti ikamwagwa, ikakauka. Baada ya wiki mbili tukaja kuvuta.

Nilikuwa nyuma, juu, kwenye nyumba ya jenereta. Papa Banza alikuwa mbele, chini, kwenye winchi ya mkono. Kona ya kwanza kable zilipita vizuri. Kwenye kona ya pili zilisimama. Hazikusimama kama kitu kizito kinavyosimama. Zilisimama kama mlango ambao nyuma yake kuna mtu. Mpaka hapo zilikuwa zikigeukageuka viganjani mwangu, moja juu ya nyingine; ghafla zikaacha kugeuka. Niligonga mara mbili. Kama alisikia au hakusikia, sijawahi kumwuliza. Kamba ilikaza, kable zikaruka mbele kiasi cha mkono, zikasimama, zikaruka tena. Kisha zikapita. Watu uani wakapiga makofi, na Sista Honorine, mkuu wa wodi ya wazazi, akatoka na wauguzi wake kutazama.

Nilishuka mpaka kwenye mdomo wa chini. Talki iliyokuwa imemwagika chini ilikuwa nyeupe, lakini ndani yake kulikuwa na chembe nyeusi. Nilizisugua vidoleni. Lilikuwa ganda. Kwenye kable yenye alama nyekundu palikuwa na mfereji mrefu ubavuni, ukirudi nyuma mpaka ndani ya bomba ambako jicho haliingii. Papa Banza alikuwa ameshapima kwa mega, ile mashine inayoonyesha kama ganda la waya ni zima, na sindano ilikaa juu. Ndiyo, bomba lilikuwa kavu.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo hatukuifanya. Kumi na saba mara tatu ni hamsini na moja. Kable zetu tatu zikilala bega kwa bega zilijaza upana wote wa bomba, kutoka ukuta hadi ukuta. Na bomba likikunjwa linatoa tumbo kidogo pale kwenye kona. Kwenye tumbo hilo zililala zote tatu pamoja, na baada ya hapo zikakazana, kama watu watatu wanaotaka kupita mlango mmoja kwa wakati mmoja. Theluthi ilikuwa sahihi, na haikutusaidia kitu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya jenereta akinawa mikono. Msidhani ilikuwa rahisi. Huyu ndiye aliyenifundisha kila kitu nilichojua, na uani masista walikuwa wanamwimbia.

"Papa, ile nyekundu imechunika. Nimeona ganda mu talki."

Hakugeuka. "Mega inasema muzuri."

"Inasema muzuri juu bomba iko kavu. Mvua ikikuja, itasema ingine."

"Zai, theluthi ni theluthi."

"Iko theluthi, Papa. Lakini kumi na saba mara tatu ni hamsini na moja."

Kisha akachukua mfuko wake akaenda zake kwa miguu, bila kungoja lori. Miaka yote sikuwahi kumwona akiondoka kabla ya vyombo kukusanywa. Nilivikusanya mimi.

Nyumbani sikumwambia mtu. Nilijiambia kesho nitakwenda kwa Patron. Halafu nikajiambia labda nimekosea, sindano inajua kuliko vidole vyangu, hospitali imengoja miaka kwa maji haya. Sitawadanganya: maneno hayo yalinivutia. Kama kesho yake asubuhi ningemkuta Papa Banza akicheka na watu, huenda ningenyamaza, na sijui leo ningekuwa naandika nini.

Nilifika hospitali mapema ili nitazame tena peke yangu. Nilimkuta amenitangulia. Alisimama kwenye mdomo wa juu wa bomba na ndoo mbili za maji alizochota mwenyewe kisimani na kupanda nazo. Hakunisalimu. Alimimina ndoo ya kwanza ndani ya bomba polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa, kisha ya pili. Tukaketi juu ya mawe mpaka jua likafika uani. Ndipo akanisogezea mega.

"Pima weye," akasema. "Macho yangu itaona ile inapenda kuona."

Nilipima kable ya kwanza, sindano ikakaa juu. Ya pili vilevile. Nilipogusa ile nyekundu, sindano ilianguka mpaka chini kabisa na haikuinuka.

Alikwenda mwenyewe kwa Sista Honorine, mimi nikamfuata. Hakumtaja muuzaji wa bomba, wala aliyemwaga simenti, wala mvua. Alisema kosa ni lake, na kwamba huyu binti ndiye aliyeona. Sista aliutazama ule ua mpya uliokuwa bado haujapata hata doa, akauliza itachukua muda gani. Papa Banza alisema kable nyingine lazima itoke Lubumbashi kwa treni, na treni yetu inafika siku inapofika. Sista alitikisa kichwa.

"Kubeba maji tunajua, Papa," akasema. "Courant mu maji, hatujue." Akarudi kwa wagonjwa wake.

Treni ilichukua siku kumi na moja. Kila asubuhi, kabla ya kazi, Papa Banza alipandisha bidon mbili za maji kutoka kisimani mpaka wodi ya wazazi. Hakuna aliyemtuma. Siku ya pili nilichukua bidon na mimi. Ndugu za wagonjwa walitupa nafasi kwenye foleni, na mama mmoja mzee alimwuliza kwa upole mgonjwa wetu ni nani. Papa Banza akamjibu, "Kable." Yule mama akampa pole.

Wazo la kutuokoa lilikuwa lake pia, msije mkadhani ni langu. Alikua kijijini akisokota kamba za magome na baba yake, na alijua kwamba nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja haziwezi kulala bega kwa bega. Kable ilipofika, tulizilaza zote tatu uani, tukawa watu sita, na kwa kila hatua nne tukazizungusha mara moja. Ni kazi ngumu. Shaba nene haipendi kufundishwa. Tukavunja simenti kwenye kona ya pili, tukaweka sanduku la kuvutia kable, lenye kifuniko. Kisha tukavuta. Bomba lilelile, theluthi ileile, na mikononi mwangu sikusikia kitu isipokuwa kuteleza.

Pampu iliwashwa siku ya Ijumaa. Walinisubiri nirudi kutoka msikitini. Maji yalitoka ya kahawia, kisha meupe kama ya mchele, kisha safi. Tangi lilikuwepo, jipya, lakini wanawake waliweka ndoo chini ya bomba hata hivyo. Sikuwalaumu.

Jumatatu yake Patron alimwambia Papa Banza kwamba amefanya kazi ya kutosha. Mwisho wa mwaka ulikuwa bado uko mbali. Hakupewa saa ya ukutani, wala hotuba, wala soda. Alirudi kijijini kwake na mkewe, na ekipe nikapewa mimi. Sipendi kuongea juu ya vyeo, na hicho ndicho ninachopenda kukiongelea kidogo kuliko vyote.

Sikumfuata kumsalimu. Kabongo si mbali kwa mwenye nia, lakini mimi nilipata mvua, nikapata kazi, nikapata harusi za watoto wa dada zangu. Ukweli ni kwamba niliona haya. Kama ningenyamaza, angemaliza mwaka wake kwa heshima. Kama ningenyamaza, kuna mtu angekufa kando ya kisima. Mambo yote mawili ni kweli, na la pili halikunifutia la kwanza.

Nikafanya kazi. Nilifunga shule, vinu vya mahindi, na maofisi ya jimbo wakati Kamina ilipokuwa makao makuu na kila mkurugenzi akataka mashine ya kupoza hewa. Niliwafundisha ninyi: fanyeni theluthi, halafu mgawe upana wa bomba kwa unene wa kable. Kable zikiwa tatu, na jibu likakaribia tatu, badilisheni bomba au msokote. Nasikia mnaiita sheria ya Mama Zai. Sasa mnajua ni ya nani, na iligharimu nini.

Miaka saba ilikuwa imepita tangu hospitali. Ndipo kijana wa moto, yaani pikipiki, mmoja wa wale wanaoleta unga wa muhogo sokoni, alinifikishia neno kutoka kwa Mama Feliciana, mke wa Papa Banza: Mzee anaomba Zai aje, na aje na vyombo vya kupimia. Nilidhani anaumwa. Nilipanda moto alfajiri, na njia nzima nilipanga maneno ya kumwomba msamaha.

Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake ya matofali. Macho yalikuwa yamefifia, yana utando kama maziwa. Juu ya paa palikuwa na sahani ya umeme wa jua ambayo mwanawe alimtumia. Alinisalimu kwa Kiluba, "Wafwako, Zai," na mimi nikaanza maneno yangu.

"Papa, kwa ile mambo ya hopitali..."

"Nimefunga umeme mu nyumba," akanikata. "Ingia, angalia yote. Kisha uniambie."

Mama Feliciana ndiye aliyenieleza, tukiwa ndani. Sahani ile ilikuwa juu ya paa wiki tatu, na Mzee alikuwa amefunga waya zote mwenyewe kwa kupapasa. Mafundi wawili walikuja, wote wanafunzi wake wa zamani. Waliangalia, wakasema kila kitu kiko sawa kabisa. Mzee aliwashukuru, akawapa chakula, na walipoondoka akakataa kuwasha.

"Alisema, 'Bale bananiogopa,'" Mama Feliciana akaniambia, yaani wale mafundi wanamwogopa. "'Muniitie Zai.'"

Nilianzia kwenye betri nikafuata kila waya. Ilikuwa kazi nzuri, nyoofu, na kila bomba lina hewa yake. Chumba kwa chumba nilizidi kufurahi. Nilitaka sana kutoka nje nimwambie hakuna neno. Kisanduku cha mwisho kilikuwa juu ya mlango wa chumba cha kulala. Nilipanda kiti, nikafungua. Skrubu moja ilikuwa imebana ganda, haikugusa shaba vizuri. Vidole haviwezi kujua tofauti hiyo. Ingewaka mwezi mmoja, labda miwili, kisha ingeanza kupata moto juu ya vichwa vyao.

Halafu nikashuka, nikatoka nje.

"Papa, kisanduku ya mwisho. Skrubu inabana ganda, haibane shaba."

Aligeuza uso upande wa mkewe. "Sikukuambia?" akamwuliza. Na kwangu akasema, "Tengeneza."

Nilitengeneza, nikapima, nikamwita. Alikuja akishika ukuta, akatafuta swichi kwa kiganja, akabonyeza. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua limejaa nyumba nzima, hakuna aliyeweza kujua kama taa imewaka. Mama Feliciana akafunga madirisha, akafunga mlango, akatundika kitenge mahali mlango ulipoachia mwanga. Tukasimama watatu mle ndani.

"Inawaka?" akauliza.

"Inawaka, Papa."

Hakuuliza mara ya pili.